Mpishi wa Aubrac na mboga za Kangemi

Kwenye mikahawa ya kifahari ya Westlands, Riverside na Lavington kuna kitindamlo kimoja ambacho hakikosekani. Ni keki ndogo ya chokoleti inayoletwa ikiwa moto. Kijiko kikipenya tu, chokoleti laini humwagika sahanini. Wateja huiita keki ya lava, na wengi huipiga picha kwanza ndipo waile. Imezoeleka kiasi kwamba hata hoteli za katikati ya jiji ambazo hazijawahi kujitangaza kuwa za Kifaransa huipika. Lakini keki hiyo ina mwenyewe. Anaitwa Michel Bras, na aliikamilisha mwaka 1981, baada ya kuihangaikia kwa miaka miwili katika mji mdogo wa wafugaji uitwao Laguiole.

Namtaja Bras kwa sababu, kati ya wapishi wote wakubwa wa Ufaransa, ndiye ambaye maisha yake yanawahusu zaidi wapishi wa Nairobi. Paul Bocuse ana jina kubwa kumshinda, na Auguste Escoffier ndiye aliyeupanga utaratibu wa kazi unaofuatwa katika majiko ya hoteli duniani, yetu yakiwamo. Ila Bras alifanya jambo ambalo mji huu unalihitaji sasa. Alichukua majani, mizizi na maua ya kwao, vitu ambavyo wapishi wa fahari walikuwa wakivitumia kupambia nyama tu, akaviweka katikati ya sahani. Watu wakafunga safari kutoka mabara mengine kwenda kuvila.

Alizaliwa Novemba 1946 huko Gabriac, Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Babake alikuwa mhunzi. Mamake, Angèle, ndiye aliyekuwa mpishi wa Lou Mazuc, hoteli ndogo ya familia mjini Laguiole. Mji huo unajulikana kwa visu vyake na kwa jibini, na umezungukwa na nyanda za juu za Aubrac, zenye upepo, baridi kali na ng'ombe wengi kuliko watu wa kuwachunga. Chakula cha huko ni cha wachungaji. Kuna aligot, kwa mfano: ukitaka kuielewa, fikiria mukimo usio na mahindi wala majani, wenye viazi tu, uliopondwa pamoja na jibini changa na kukorogwa kwa mwiko mpaka ukivutwa unanyooka bila kukatika. Chakula hicho cha mamake, Bras hakukiacha nje alipopata umaarufu. Kiliendelea kuandaliwa mezani pake pamoja na vyakula vyake vya kibunifu.

Hakusomea upishi katika chuo chenye jina, wala hakupitia jiko la mpishi mkubwa yeyote. Alifunzwa na mamake, kisha akajisomea vitabu usiku. Mwaka 1992 yeye na mkewe Ginette walijenga mkahawa wao juu ya kilima cha Le Suquet nje ya Laguiole, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Nyota ya tatu ya Michelin, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa ya kitabu hicho kinachopima ubora wa mikahawa, aliipata mwaka 1999. Hakuhamia Paris kuifuata.

Sahani iliyompa jina huitwa gargouillou. Hapo zamani lilikuwa jina la mlo wa kawaida wa kwao, viazi vilivyochemshwa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Bras alikuwa mtu wa kukimbia milimani, na inasemekana wazo lilimjia katika mbio hizo, malisho ya Aubrac yakiwa yamechanua. Karibu na mwaka 1980 akaanza kuijaza sahani hiyo mboga changa, majani ya porini, maua, mbegu zilizochipua na mizizi, hata ikafika zaidi ya vitu 50 katika sahani moja. Orodha hubadilika kila siku kulingana na kilichoiva bustanini.

Anayeitazama picha yake anaweza kudhani ni kachumbari ya kitajiri. Sivyo. Kila mboga hupikwa peke yake, katika maji yake na kwa dakika zake. Karoti changa haiivi sawa na maharagwe mabichi, na shina la kabichi haliwezi kuingia sufuria moja na jani lake. Zikishaiva hupoozwa mara moja ili zisipoteze rangi, kisha zile zinazoliwa moto hukutanishwa kwenye kikaango chenye siagi kidogo na mafuta ya ile nyama iliyokaushwa. Majani mabichi na maua huja mwisho, yakiwekwa moja moja kwa mkono. Ni saa nyingi za kazi ya wapishi kadhaa kwa kitu ambacho mteja atakimaliza kwa dakika kumi.

Keki nayo ina siri yake. Bras hakuitoa kwenye oveni kabla haijaiva, kama wanavyofanya wengi waliomwiga huku kwetu na kwingineko. Alitengeneza kiini cha chokoleti na krimu, akakigandisha kwenye barafu, kisha akakizamisha katikati ya rojo la keki. Ndani ya oveni, ukuta wa nje huiva kabisa wakati kile kiini kinayeyuka. Tofauti unaihisi mdomoni: ya Bras ni keki iliyoiva yenye moyo wa majimaji, na hizi nyingi tunazouziwa ni keki mbichi. Mpishi wa Nairobi anayejua tofauti hiyo ameshaipita nusu ya safari.

Na wapo wanaoijua, kwa sababu Nairobi haikuanza jana kupika Kifaransa. Hoteli ya Stanley ilifunguliwa mwaka 1902 na Norfolk mwaka 1904, na menyu za fahari za zama hizo ziliandikwa kwa kuiga Ulaya. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Alan Bobbé alifungua bistro yake katika Barabara ya Koinange. Vizazi viwili vya wakazi wa mji huu waliokuwa na uwezo wa kulipia walijifunzia pale maana ya mlo wa Kifaransa, mpaka bistro ikahama katikati ya jiji na kwenda Riverside. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilifunguliwa kando ya Barabara ya Thika kwa ushirikiano wa Kenya na Uswisi. Tangu hapo vijana kutoka Vihiga, Kisii, Machakos na Taita wamefundishwa huko mchuzi mweupe, mchuzi wa mayai na siagi, namna ya kumfungua kuku mzima bila kuvunja mfupa, na utaratibu ule wa Escoffier ambao kila mpishi ana kituo chake na mkubwa wake. Mpaka leo, kijana anayeanza kazi katika jiko la hoteli ya Nairobi huitwa commis, kama angeitwa akiwa Lyon.

Bistro ya Bobbé ilitangulia tu kuhama. Mji nao umehamia magharibi. Katikati ya jiji, hoteli ya InterContinental ilifunga mwaka 2020. Hilton, iliyopokea wageni tangu 1969 katika lile jengo la mviringo ambalo kila mtu alilitumia kuelekeza wenzake, ilifunga Desemba 2022. Sankara ilikuwa tayari imefunguliwa Westlands mwaka 2010, Villa Rosa Kempinski kwenye Barabara ya Chiromo mwaka 2013, na Hemingways kule Karen mwaka huohuo. Meza za hadhi, pesa na wapishi wazuri vimezifuata hoteli hizo. Ukitaka kula vizuri usiku, siku hizi unaelekea Waiyaki Way au Lang'ata Road, si Kimathi Street.

Lakini njia hiyohiyo ya Waiyaki inapita soko la Kangemi, na hapo ndipo moyo unaponiuma. Kabla jua halijapanda, magunia ya mboga huwa yameshateremshwa, mengine yakitoka Kisii na Vihiga kwa safari ya usiku kucha. Managu, terere, saga, mrenda, kunde, mitoo, majani ya malenge. Akina mama huketi kwenye viti vifupi wakichambua, kidole gumba kikilikata jani kwenye shina kwa kasi ambayo mpishi wa miaka mitatu chuoni hawezi kuifikia. Ukisimama mbele ya meza utaulizwa, "Mama, nikuchanganyie?" kwa sababu anayejua mboga hizi hazipiki peke yake. Saga ina uchungu, kwa hiyo inatiwa kunde kuipoza. Mrenda unateleza, kwa hiyo unatafutiwa jani lenye mwili. Ni hesabu ileile ya gargouillou, kwamba kila jani lina tabia yake na mpishi ndiye wa kuzipatanisha, na inafanywa kilomita chache kutoka kwenye hoteli ambazo menyu zake hazina hata jani moja kati ya hayo.

Wapishi wa hoteli hizo nao hula managu nyumbani kwao. Wanajua yanapikwaje. Wakivaa koti jeupe wanayaacha getini, wanakwenda kuchemsha asparaga. Kuna hata kichekesho kichungu katika mishiri, yale maharagwe membamba ya Kifaransa: wakulima wa Kirinyaga na Machakos wanayapanda, wanayachuma yakiwa na urefu uliopimwa, yanapanda ndege usiku pale JKIA kwenda Ulaya, na mwenye shamba hayali. Sisi tumewalisha Wafaransa mboga zao kwa miaka mingi. Kuwalisha za kwetu, mezani petu wenyewe, tumesita.

Na si majani tu. Kuna ujuzi wa kupika ambao mpishi wa Paris angeulipia nauli. Waluhya hupika kunde na mrenda kwa munyu, maji ya majivu: maganda ya maharagwe au mabua hukaushwa, huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu na maji yakapitishwa taratibu hadi yadondoke yakiwa na rangi ya chai. Kidogo tu hulainisha jani gumu na kulifanya libaki kijani. Wakalenjin nao hugandisha maziwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na mursik inayotoka humo ina uchachu na moshi kwa pamoja, ladha ambazo wapishi wa kisasa wa Ulaya hutumia mashine kuzipata. Weka vijiko viwili vya mursik chini ya samaki wa maji baridi wa kutoka mito ya Mlima Kenya, na managu yaliyopoozwa kwa krimu pembeni. Hiyo ni sahani ya Kifaransa kwa nidhamu na ya Kenya kwa kila kitu kingine.

Dunia imeshatambua thamani hii kabla ya menyu zetu. Mlo wa Wafaransa uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na kila mtu alisikia. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kwenye rejista yake ya mifano bora kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007 pale wanasayansi na viongozi wa jamii walipoona vyakula hivi vinapotea, na iliwahusisha wanafunzi wa shule za msingi kuviandika kabla wazee hawajaondoka navyo. Mimea ya kienyeji takribani 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya makabila. Gargouillou ya Bras ina vitu 50 na kidogo. Mpishi wa Nairobi ana orodha ya mimea 850, na wenye kuijua bado wako hai.

Nimewahi kuzungumza na wapishi kadhaa kuhusu jambo hili na sababu zao ni za kweli, hazifai kubezwa. Ya kwanza ni mteja. Anaketi, anaona managu kwa bei ya hoteli, anakumbuka fungu la Kangemi na sahani ya kibandani, anahisi ameibiwa. Watu hujaa mkahawa wa K'Osewe pale mjini kula nyama ya aliya na mboga zilizolala kwenye maziwa kwa sababu bei inaeleweka. Ya pili ni ununuzi. Hoteli inataka ankara ya kodi ya eTIMS, inataka mzigo uleule, kwa ubora uleule, kila Jumanne, na hulipa mwisho wa mwezi au baadaye. Mama mboga anahitaji pesa jioni hiyohiyo ili anunue mzigo wa kesho. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: sehemu ya mboga zinazouzwa mjini hukuzwa kando ya mito michafu kwa maji ya taka, na mpishi mkuu hawezi kuweka jina la hoteli yake kwenye jani asilojua lilikolelewa.

Hii ya tatu ina dawa, na dawa yake ndiyo aliyoitumia Bras: mjue anayekulimia. Bustani ya Le Suquet ilikuwa sehemu ya jiko lake. Hapa Limuru, Kikuyu na Ngong kuna wakulima wanaoweza kupanda managu na saga kwa maji safi ikiwa kuna mnunuzi mwenye neno moja. Hoteli hizihizi zimeshajifunza kununua jibini kutoka Tigoni na kaa kutoka Kilifi kwa mpangilio. Jani haliwezi kuwa gumu kununua kuliko kaa aliye hai.

Kuhusu bei, mteja halipii jani, analipia kazi. Aligot watu wa Aubrac waliipika majumbani mwao bure, na bado waliipata mezani kwa Bras bila kuona aibu. Tatizo ni pale hoteli inapotoza bei kubwa bila kufanya kazi yoyote: managu yaleyale yaliyopondeka, yamebanwa kwenye duara la chuma na kuwekewa ua juu. Hilo limeshafanyika katika usiku fulani wa vyakula vya Kiafrika kwenye hoteli zetu, na mteja aliyekasirika alikuwa na haki. Chakula cha kwetu kikiingia meza ya fahari kiingie kikiwa kimefikiriwa upya, si kimevalishwa.

Kwingineko tayari kinaingia. Mory Sacko, kijana wa familia yenye asili ya Mali, alifungua MoSuke jijini Paris mwaka 2020 akipika ladha za Afrika Magharibi kwa mbinu za Kifaransa na Kijapani, na Januari 2021 akapata nyota ya Michelin. Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Kenya, ana mkahawa London tangu 2016 na ameuita Jikoni. Hapa Nairobi, Kiran Jethwa alisafiri nchi nzima mbele ya kamera kutafuta viungo vya kupikia, na Ali Mandhry wa Mombasa amewafanya vijana wengi waone upishi ni kazi ya kujivunia. Kinachokosekana ni mwenye mkahawa kumwambia mpishi wake: chukua miezi sita, bustani na bajeti, niletee sahani ambayo haipo popote duniani.

Kitabu cha Michelin hakitoi nyota Kenya, na wapishi wengine huliona hilo kuwa mkosi. Mimi sioni hivyo. Mwaka 2017 Sébastien Bras, aliyerithi jiko la babake, aliwaomba Michelin wamwondoe kitabuni kwa sababu alikuwa amechoka kupika kila sahani akiwaza kwamba huenda mkaguzi ndiye anayeila. Walimwondoa katika toleo la 2018, kisha wakamrudisha na nyota mbili katika la 2019. Mpishi wa Nairobi hana mkaguzi wa kumwogopa. Anaweza kukosea Jumanne na kurekebisha Jumatano, na uhuru huo wenzake wa Ufaransa wanaukosa.

Anachokosa ni jina. Katika mikahawa mingi ya magharibi mwa mji, picha ya mpishi mkuu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili hutundikwa mlangoni, na yule aliyekaa jikoni miaka kumi na tano, anayejua kila oveni na kila mteja, hajulikani na yeyote nje ya mlango wa nyuma. Mtu asiye na jina habuni. Hutii.

Wenye mikahawa, andikeni majina ya wapishi wenu Wakenya kwenye menyu, na mwape siku moja ya wiki wapike watakacho kwa mboga za hapa. Ketini na wahasibu wenu, mtafute njia ya kumlipa mkulima siku anapoleta mzigo. Nawe msomaji, wikendi hii ukiketi Westlands au Karen na mhudumu akakuletea menyu, muulize kama kuna managu, saga au mrenda. Akisema hakuna, mwombe akafikishe swali hilo jikoni.